Kulea, kukuza au kustawisha? Mwongozo kamili wa kuchagua kitenzi kinachofaa

Fungua ripoti ya mradi, hotuba ya mgeni rasmi au barua ya kuomba ufadhili, na kabla hujamaliza ukurasa wa kwanza utakuwa umekutana na kitenzi kukuza mara kadhaa. Kukuza vipaji, kukuza uchumi, kukuza uelewa, kukuza amani, kukuza ushirikiano. Si kosa la sarufi. Lakini Kiswahili kina vitenzi vingi vya kazi hii ya kukifanya kitu kikue, na kila kimoja kina picha yake: nani anafanya, yuko karibu kiasi gani, anafanya kwa muda gani na kwa nia gani. Ukivitupa vyote ukabaki na kimoja, msomaji wako anaambulia kwamba kitu kitaongezeka, basi. Hajui kama kitabebwa mgongoni, kitapaliliwa, kitapigiwa debe au kitaachwa kijiotee.

Mwongozo huu ni wa anayeandika: mwanafunzi wa insha, mwalimu, mwandishi wa habari, mfasiri, mtumishi wa ofisini anayeandaa taarifa ya mwaka. Nimeupanga kwa hatua, lakini hatua zenyewe hazilingani. Kulea kunahitaji nafasi kubwa kwa sababu ndicho kitenzi kizito kuliko vyote hapa, na ndicho kinachosahauliwa zaidi katika maandishi rasmi.

Hatua ya kwanza: tazama kinachokua, si anayekikuza

Waandishi wengi huanza na mtendaji. Serikali inafanya nini? Shirika linafanya nini? Wakishajibu, wanachomeka kitenzi chochote kilicho karibu. Geuza utaratibu huo. Anza na kile kitu chenyewe, ujiulize: kikiachwa peke yake, huwa kinafanyaje?

Mtoto anakua. Mche unaota, kisha unastawi. Ngozi inanawiri. Uchumi unakua au unaimarika. Biashara inashamiri. Demokrasia inakomaa. Amani inadumu. Mjadala unakolea. Uelewa unaongezeka au unapanuka. Uhusiano unaimarika.

Sasa mlete mtendaji kwa kukigeuza kitenzi hicho hicho kuwa cha kusababisha, kwa viambishi tunavyovijua sote tangu shuleni: kua huzaa kuza, ota huzaa otesha, stawi huzaa stawisha, nawiri huzaa nawirisha, komaa huzaa komaza, dumu huzaa dumisha, kolea huzaa koleza, imarika hurudi kwa imarisha, panuka kwa panua. Kitenzi unachokitafuta mara nyingi kimejificha hapo.

Jaribio hili linafanya kazi kwa upande wa pili pia. Je, wewe na watu wa mtaani kwako mnasema “amani inakua”? Nadra sana. Mnasema amani ipo, imedumu, imetoweka, imevurugika. Basi “kukuza amani” kunasikika kama nguo ya kuazima, na kudumisha au kuimarisha ndiko kunakokaa vizuri. Wimbo wa Taifa wa Tanzania unaomba uhuru na umoja vidumishwe, haviombewi vikuzwe, na sababu ni hiyo hiyo: umoja ni kitu tunachotaka kisivunjike.

Fanya vivyo hivyo kwa “kukuza uelewa”. Uelewa unaongezeka, kwa hiyo ongeza. Unapanuka, kwa hiyo panua. Kwa “kukuza uhusiano” tumia imarisha. “Kukuza uchumi” kubaki, kwa sababu uchumi kweli hukua, na kuna wanaoupima kwa asilimia kila mwaka.

Kuna kundi la pili la vitenzi ambavyo jaribio hili haliwezi kuvifikia, kwa sababu havikutokana na kitu kinachojifanyia chenyewe. Kulea, kutunza, kufunda, kupalilia, kuatamia, kunoa: hivi vinahitaji mkono wa mtu tangu mwanzo. Mtoto anaweza kukua bila kulelewa, na tukisema fulani alijilea mwenyewe, kila anayesikia anajua tunasimulia huzuni. Ukitaka mtendaji aonekane, aonekane akifanya kazi, chagua kutoka kundi hili.

Hatua ya pili: ujue uzito wa kulea

Kulea ni neno la Kibantu la zamani, na ndugu zake wako kila upande wa Maziwa Makuu. Mnyarwanda na Mrundi husema kurera, Muganda okulera, Mkikuyu kũrera. Kwa hiyo unapoandika kulea, msomaji wa Kigali, Bujumbura, Kampala au Nyeri analisikia neno la nyumbani kwao ndani ya Kiswahili. Hilo si jambo dogo kwa anayeandikia wasomaji wa nchi nyingi.

Ndani ya kulea kuna mambo matatu ambayo kukuza hakuna. Kwanza ni muda: halelewi mtu kwa wiki mbili. Pili ni ukaribu: mlezi anajua mtoto amekula nini na jana usiku alikohoa. Tatu ni maadili: anayelea anafundisha lililo jema na anakemea lililo baya. Ndiyo maana wahenga walitofautisha hata ndani ya kitenzi hiki chenyewe: kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Wakaongeza: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Angalia methali hii ya pili kwa makini, maana inaweka kulea na kukua katika mstari mmoja na kuvigawia kazi. Kulea ni kwa mzazi, kukua ni kwa mtoto, na cha kwanza ndicho kinachoamua namna ya cha pili.

Mgawanyo huo umeingia mpaka kwenye sera. Desemba 2021 Tanzania ilizindua mpango unaoitwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, unaomlenga mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka 8. Wengi hulisoma jina hilo kama maneno matatu ya kupamba. Siyo. Malezi ni yale anayotendewa mtoto: chakula, usalama, upendo, uchangamshi, afya. Makuzi ni ya mwili na yanapimika: uzito, urefu. Maendeleo ya awali ni ya uwezo: kuongea, kutembea, kufikiri, kuhusiana na wenzake. Kila mara unaposhindwa kuchagua kati ya kulea, kukuza na kuendeleza, kumbuka jina hilo. Waliolitunga waliyatenganisha maneno haya matatu kwa sababu kila moja lina kazi yake.

Kulea kunaweza kutoka nje ya familia bila kupoteza nguvu. Mlezi wa chama au wa klabu ya shule ni yule anayesimama nyuma ya vijana, anawashauri, anawatetea mbele ya mkuu wa shule. Unaweza kulea kipaji, kulea kikundi, kulea wazo, ilimradi kuna mtu anayekaa nalo na kulifuatilia. Kama hakuna mtu huyo, usiliazime neno.

Kisha kuna upande wa giza, na hapa ndipo wageni wa lugha hujikwaa. Kulea kukipewa kitu kibaya, maana yake huwa ni kukiachia, kukivumilia, kukifumbia macho. Kulea ugonjwa ni kukaa nao bila kwenda hospitali. Kulea uzembe kazini ni kuuona na kunyamaza. “Uongozi unalea wizi” haina maana kwamba uongozi unaiba, ina maana kwamba unajua na hauchukui hatua. Hakuna kitenzi kingine kinachosema hili kwa ufupi kiasi hiki, kwa hiyo kitumie, lakini kwa uangalifu, maana ni shutuma.

Jirani wa upande huo ni kufuga. Mifugo hufugwa, lakini pia ndevu, kucha, chuki na nyoka. Tofauti ni kwamba anayelea ubaya ameuachia, anayefuga ubaya anaulisha. Mtu anayefuga kinyongo anakiamkia kila asubuhi.

Majirani wa upande wa huruma ni kudekeza na kuengaenga, na hivi navyo si visawe vya kulea hata kama mtoto ni yule yule. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Anayedekeza anaondoa ule ukemeaji niliousema, na bila huo si kulea tena.

Jambo moja la kisheria. Ukiandika kuhusu mtoto anayechukuliwa na familia nyingine, usibaki na kulea peke yake. Kumchukua moja kwa moja kwa amri ya mahakama awe mwanao ni kuasili. Kukaa naye kwa muda chini ya uangalizi wa ustawi wa jamii, kwa maandishi ya Tanzania, huitwa malezi ya kambo. Ukiyachanganya haya mawili unaweza kumpotosha mtu anayetaka kweli kufungua mlango wake kwa mtoto.

Hatua ya tatu: kirudishie kukuza kazi yake

Kukuza ni kukifanya kitu kiwe kikubwa kuliko kilivyokuwa. Ukubwa ndio moyo wake. Tunakuza picha ili tuone sura vizuri. Tunamlaumu mtu anayekuza mambo, yaani kufanya kigomvi cha kisimani kiwe kesi ya kata nzima. Tunakuza uchumi, mtaji, msamiati, soko, idadi ya wasomaji. Penye kipimo, kukuza kunatosha na hakuhitaji msaada.

Kuna tofauti ya nchi unayopaswa kuijua. Kenya, hasa katika habari za kilimo, utasoma kwamba mkulima anakuza mahindi au parachichi, na shughuli yenyewe inaitwa ukuzaji. Tanzania mkulima huyo huyo analima mahindi na anapanda miparachichi, na kumwambia kwamba anayakuza kutamfanya akutazame mara mbili. Hata hivyo Tanzania hiyo hiyo inatumia rasmi ukuzaji viumbe maji kwa ufugaji wa samaki, mwani, majongoo bahari na wenzao. Hakuna upande uliokosea. Amua unamwandikia nani, kisha usibadilishe katikati.

Kwa lugha yenyewe, kukuza Kiswahili ni kauli iliyozoeleka na inastahili kubaki. BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, liliundwa kwa sheria mwaka 1967 kwa kazi hiyo, na tangu tarehe 7 Julai ilipoanza kuadhimishwa kama Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2022, kauli hiyo husikika kila mwaka majukwaani, mara nyingi ikiongozana na kuenzi. Hapa tenganisha. Kuenzi ni kuthamini na kuheshimu kilichoachwa na waliotangulia. Kinachoenziwa si lazima kikue hata kidogo. Tunaenzi mchango wa washairi wa Lamu na Mombasa, tunakuza idadi ya watu wanaousoma.

Kuendeleza kunafuata hapo hapo, na kuna mtego. Kuendelea ni kusonga mbele, lakini pia ni kutokoma. Kwa hiyo “kuendeleza kipaji” ni kukipeleka juu zaidi, “kuendeleza ugomvi” ni kutouacha ufe, na “kuendeleza mila” kunaweza kuwa yote mawili. Sentensi ikikaa njia panda kama hiyo, badilisha: andika kuboresha ukimaanisha ubora, andika kudumisha ukimaanisha kutokoma. Nimeona mijadala mizito ya wazee wa mila ikiharibika kwa sababu upande mmoja ulisikia “kuboresha” na mwingine “kuacha kama zilivyo”.

Hatua ya nne: pita shambani kwa mpangilio wake

Vitenzi vya shamba ndivyo vilivyotajirisha zaidi lugha ya kukuza, na vina faida moja kubwa: vina mfuatano. Mkulima hapalilii kabla ya kuotesha. Ukijua kitu chako kiko hatua gani ya maisha, kitenzi kinajileta.

Kuotesha ni mwanzo kabisa: mbegu kitaluni, mche kwenye kiriba. Kwa mambo yasiyo mimea, kitenzi hiki hakijazoeleka sana katika umbo la kusababisha, lakini ndugu yake kuota yupo kila mahali: rushwa imeota mizizi, tabia imeota sugu. Kwa watu wanaoanza kazi tuna jina zuri zaidi, chipukizi. Mwandishi chipukizi, mchezaji chipukizi. Ukishamwita hivyo, huhitaji kueleza kwamba bado anahitaji msaada.

Kurutubisha ni kuongeza kile kinachokosekana ardhini. Rutuba ni neno lililotoka Kiarabu likiwa na maana ya unyevu, na bado kitenzi hiki hufanya kazi kutoka chini, mahali pasipoonekana. Ndiyo sababu hufaa kwa akili, fikra, mjadala na lugha: usomaji hurutubisha fikra, maneno ya lahaja hurutubisha Kiswahili sanifu. Kumbuka tu kwamba katika somo la baiolojia yai likirutubishwa ni jambo jingine kabisa, kwa hiyo katika makala ya afya kihifadhi kwa maana hiyo.

Kupalilia ni kung’oa magugu na kuinulia mmea udongo. Nakipenda kitenzi hiki kuliko vyote vya shamba, na nasikitika kwamba magazeti yamekiachia mabaya peke yake: kupalilia chuki, kupalilia uhasama, kupalilia ukabila. Maana hiyo ni halali na ina nguvu. Lakini anayepalilia shamba lake anafanya kazi ya subira na ya kurudia, akiondoa vinavyosonga ili kile anachokitaka kipumue. Urafiki hupaliliwa. Ndoa hupaliliwa. Mwalimu anayesahihisha daftari za kidato cha kwanza kwa kalamu nyekundu anapalilia. Kama kazi unayoielezea ni ya kuondoa vikwazo zaidi kuliko kuongeza kitu, kupalilia ndilo neno lako.

Kustawisha kunakuja mwisho wa safari hii. Kitu kilichostawi kimefikia uzuri wake: majani ya kijani, mashina manene. Kustawi hakupimwi kwa ukubwa. Bustani ndogo inaweza kustawi na shamba la ekari mia likadumaa. Ndipo likaja jina la ustawi wa jamii, ambalo halizungumzii idadi ya watu wala pato lao bali hali yao ya kuishi vizuri. Tumia kustawisha pale unapotaka kusema ubora wa maisha, na uache kukuza kwa wingi. Kunawirisha ni mdogo wake, na hukaa zaidi kwenye kinachoonekana kwa macho: uso, ngozi, majani.

Kuneemesha kunasimama kando kidogo. Neema hutoka kwa Mungu au kwa mwenye nacho, kwa hiyo anayeneemesha huwa na kitu cha kutoa. Mvua huineemesha nchi. Mradi wenye bajeti ndogo usijivike kitenzi hiki.

Vipi kushamiri? Biashara na soko hushamiri bila ubaya wowote, lakini siku hizi magendo, utapeli na ujambazi vinashamiri zaidi katika habari. Mnyambuliko wake, shamirisha, upo, ila husikika kwa nadra. Mimi hukitumia kwa biashara na sherehe tu.

Hatua ya tano: je, mtendaji anashika au anasema?

Baadhi ya vitenzi vya kukuza havigusi kitu chenyewe. Vinafanya kazi kwa maneno. Kuhimiza ni kusukuma kwa maneno ili mtu asilegee. Kuhamasisha ni kumpandisha hamasa, mara nyingi kwa mkutano, ngoma au kampeni. Kutia moyo ni kwa mtu aliyekata tamaa. Kutia shime ni kwa kundi lililo katikati ya kazi nzito. Hivi vinne havibadilishani ovyo: huwezi kumhamasisha mgonjwa aliyelala wodini, unamtia moyo.

Kuchochea ni moto. Anayechochea anasogeza kuni, miali inapanda, kisha yeye anaweza kuondoka na moto ukaendelea. Kwa muda mrefu kitenzi hiki kilikuwa cha fitina, na uchochezi hadi leo ni kosa mbele ya sheria. Kenya, baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, neno hilo lina jeraha ndani yake. Wakati huohuo wachumi wamekizoesha upande mwema: kuchochea uwekezaji, kuchochea ajira. Wanakemia nao wana kichocheo. Kanuni yangu ni hii: mbele ya vitu, chochea kwa uhuru. Mbele ya watu, fikiri mara mbili. “Kuchochea uzalishaji” ni salama. “Kuchochea vijana” itasomwa vibaya, hata ukiwa na nia njema kiasi gani.

Kukoleza ni kuongeza ladha au nguvu katika kitu ambacho tayari kipo: mjadala, shangwe, rangi, chai. Usikitumie kwa jambo ambalo halijaanza.

Hatua ya sita: sikiliza wanavyosema wenye kazi

Kila fani ina kitenzi chake cha kukuza, na ukikitumia, msomaji wa fani hiyo anakuamini mapema.

Michezoni kocha ananoa kikosi. Anayeandika “kocha anayekuza timu” hajasikiliza redio jioni. Kuibua vipaji ni kazi nyingine: ni kuvitoa chini ya maji vionekane, kama inavyosemwa kila mwaka kuhusu UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za msingi na za sekondari Tanzania. Kuibua hakukuzi. Mtoto aliyeibuliwa Juni na kurudishwa kijijini Julai hajakuzwa na mtu, na taarifa inayoandika “tumekuza vipaji” wakati imeviibua tu, inamdhulumu yule mtoto.

Katika siasa na uongozi watu hupikwa. Makada walipikwa Chuo cha Kivukoni, kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961, na bado mzee akimsifu kiongozi husema amepikwa akaiva. Ni lugha ya mazungumzo na safu za maoni, si ya barua rasmi.

Katika mila, mwali hufundwa. Kungwi au somo anamfunda binti kuhusu mwili, ndoa na heshima. Kufunda ni kufundisha tabia kwa siri na kwa ukaribu, kwa hiyo ukiandika kwamba mkurugenzi alimfunda katibu wake mpya, msomaji wa Pwani atatabasamu au atakasirika, kutegemea.

Kwa biashara changa na vijana wabunifu, Tanzania imepata neno zuri: kuatamia. Vituo atamizi ni mahali ambapo mwenye wazo anapewa nafasi, ushauri na vifaa mpaka aweze kusimama. Kuku hukaa juu ya mayai siku 21, na kitenzi hiki kinaahidi vivyo hivyo: joto, ulinzi na muda unaojulikana mwisho wake. Siku zikitimia kifaranga kinatoka. Hapo ndipo kinapotofautiana na kulea, maana kifaranga kikishatoka, kulea ndiyo kwanza kunaanza.

Maofisini tunasikia zaidi kujengea uwezo. Limekwishazoeleka, sitalipiga vita, lakini angalia mara ngapi unamaanisha tu kufundisha. Ukimaanisha kufundisha, andika kufundisha.

Hatua ya saba: umbo la nomino

Umeshachagua kitenzi kizuri, kisha kinaharibika kikigeuzwa nomino. Yafuatayo ndiyo yanayokosewa sana.

Ukuaji ni wa kinachokua chenyewe, ukuzaji ni wa anayekikuza. “Ukuaji wa Kiswahili” unaeleza historia, “ukuzaji wa Kiswahili” unaeleza kazi ya BAKITA. Makuzi ni ya binadamu, hasa mtoto.

Malezi ni jumla ya yale unayotendewa na unayofundishwa. Ulezi ni wadhifa au hali ya kuwa mlezi, na pia ni nafaka ya uji, kwa hiyo kichwa cha habari chenye “ulezi bora” kinaweza kupeleka akili ya msomaji jikoni.

Maendeleo ni matokeo, uendelezaji ni kazi, mwendelezo ni kutokatika. “Mwendelezo wa mradi” hausemi kwamba mradi umeboreka.

Katika kauli ya kutendea, lea huwa lelea, na ndiyo maana tunasema vituo vya kulelea watoto mchana, si “vya kulea”: vituo ni mahali pa kulelea. Katika kutendwa ni lelewa. Mtoto amelelewa na bibi yake.

Hatua ya nane: jaribu sentensi yako

Chukua sentensi ya kawaida kabisa: “Mradi wetu unalenga kukuza vipaji vya vijana, kukuza biashara ndogondogo, kukuza amani katika jamii na kukuza utamaduni wa kusoma.”

Rudi hatua ya kwanza. Kipaji kinajificha, kinaibuka, kinakomaa. Biashara ndogo huanza bila nguvu, husimama, hujitegemea. Amani hudumu. Kusoma huwa mazoea, na mazoea hujengwa siku kwa siku. Sasa andika upya: “Mradi wetu unaibua vipaji vya vijana na kuvilea mpaka vikomae, unaatamia biashara ndogondogo hadi zijitegemee, unaimarisha amani mitaani na kujenga mazoea ya kusoma.”

Isome kwa sauti. Usiweke vitenzi viwili vya maana moja bega kwa bega kwa kuogopa kuchagua: “kukuza na kustawisha na kuendeleza” ni woga wa mwandishi, si utajiri wa lugha. Ukikwama, Kamusi ya Visawe ya mwaka 1998 itakupa orodha ndefu, na Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA itakupa maana ya kila moja. Zifungue kwa mpangilio huo. Orodha bila maana ndiyo inayozaa maandishi yaliyojaa maneno makubwa yasiyokaa mahali pake.

Mwisho, kagua kama sentensi mpya ni ya kweli. Ile ya zamani ilikuwa pana, hakuna aliyeweza kuidai. Hii mpya inadaiwa. Umesema mnalea vipaji: nani anawalea vijana hao, anawaona mara ngapi kwa mwezi, na wakianguka anawashika nani? Umesema mnaatamia biashara: kituo kiko wapi, na mwenye duka akikwama anamwendea nani? Ukiwa na majibu, yaandike katika sentensi zinazofuata. Na kama kilichofanyika ni semina ya siku mbili ukumbini, andika kwamba mliwahamasisha vijana kwa siku mbili.